Bwana Kidole na Bawabu wa Faza

Nyinyi vijana mnaosomea kompyuta siku hizi mna raha ambayo hamuijui. Hamjapata kupanda mashua ya injini kutoka Lamu mkangoja maji yajae ndipo mpite mlango mwembamba wa Mkanda, mkalowa chumvi mpaka kwenye soksi, mkashushwa gatini Mtangawanda kwa kuwa Faza maji yamekupwa, mkapanda pikipiki mkirushwa na mchanga, mkaingia ofisini mkiwa hoi, kisha mkanyoosha kidole kimoja na kubonya kitufe kimoja. Tii! Seva imewaka. Kazi imekwisha. Rudi Lamu.

Mimi nimeyapata hayo, tena mara nyingi, hata manahodha wa gatini wakanipa jina. Nikitokea tu na mkoba wangu wanapigiana kelele: "Bwana Kidole huyo! Yeo wenda kubonya tena?" Nilikuwa nakasirika mwanzoni. Baadaye nikaona heri nicheke nao, maana hawakusema uongo.

Sasa nimestaafu, nakaa Wiyoni, mtaa wa hapa Lamu, na kuku wangu, ambao ni wakaidi kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kuitengeneza. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nitaandika kama ninavyozungumza. Mkitaka mpango mzuri wa sura na vichwa vya habari, someni vitabu vyenu.

Nianze na bawabu, maana ndiye aliyeniokoa na mashua.

Mnajua seva ni kompyuta isiyokaliwa na mtu. Inakaa chumbani mwake, inahudumia kompyuta nyingine. Basi ndani ya seva za siku hizi, kwenye ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, mmepachikwa kompyuta nyingine ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba. Vitabu vinaiita BMC. Mimi niliiita bawabu na jina likanata, kwa sababu mwenye nyumba akilala, yeye yuko macho mlangoni. Ana tundu lake mwenyewe la waya wa mtandao. Maadamu plagi iko ukutani na swichi imewashwa, yeye yu hai hata kama seva imezimwa kabisa. Ukiwa Lamu unambishia hodi, unamwuliza: seva iko vipi? Joto je? Feni zinazunguka? Naye anakujibu. Ukimwambia washa, anawasha. Kidole changu kikapata kupumzika.

Aliyenifundisha mambo hayo alikuwa mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, mtu wa Kitui. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri, na aliogopa bahari kupita kiasi. Alipohamishiwa Lamu alivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, akiwa amefumba macho, na tangu siku ile akaapa kwamba kivuko kile kinamtosha. Seva zenye bawabu zilipofika alifurahi kuliko sisi sote. "Hii kitu," alisema akiupapasa ule ubao, "ndiyo itafanya nisizame."

Somo lake la kwanza sitalisahau. Nilikuwa nimefunga seva mpya pale ofisini Lamu, najisifu, nimeishaanza kuijaza kazi. Kilonzo akatoka kwenda kunywa chai, kompyuta yake kwapani. Punde si punde, seva yangu ikazimika mbele ya macho yangu. Nikaangalia plagi, iko. Nikaangalia waya, uko. Nikawasha. Ikazimika tena. Nikavuta feni, nikasogeza meza, nikasoma na dua. Ikawaka yenyewe bila mimi kuigusa, na hapo ndipo niliporudi nyuma mpaka mlangoni. Kilonzo akaingia, andazi mkononi.

"Umebadilisha neno la siri la bawabu wako?"

"Bado."

"Basi leo umezimiwa na rafiki," akasema, akalimalizia andazi lake.

Kila bawabu hutoka kiwandani na neno la siri ambalo mafundi wa dunia nzima wanalijua. Libadilisheni kabla hamjafungua hata mfuko wa skrubu. Tena msimweke bawabu kwenye njia kuu ya mtandao, kila mpita njia akambishia hodi; mpeni kichochoro chake. Na jueni kwamba kuna kuzima kwa adabu na kuzima kwa ubavu. Kwa adabu, seva inaambiwa ikusanye vitu vyake, ifunge kazi, ndipo ilale. Kwa ubavu ni kukatiwa umeme ghafla, na asubuhi yake mtaokota vipande. Wengi wenu mna haraka, mtabonya ile ya ubavu. Msinilaumu.

Sasa Faza.

Ofisi ya Faza ilipata seva yake baada ya kuombwa sana. Kabla ya hapo mtu wa Kisiwa cha Pate, ambako ndiko Faza iliko, akitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kibali cha kuvulia, ilimbidi avuke mpaka Lamu. Mtu wa kijiji cha Mbwajumali aliondoka kwake alfajiri, akafika kwetu mchana, akaambiwa mtandao umelala, arudi kesho. Kesho ipi, na mashua imeishaondoka? Watu walilala barazani kwa jamaa, na asiye na jamaa akalala alipolala.

Mmoja wa waliosumbuka ni Bi Mwanakheri, msafishaji wa ile ofisi ya Faza na mshika funguo zake. Alihangaikia cheti cha mjukuu wake mpaka akajua majina ya manahodha wote. Siku wakubwa walipokwenda Faza kuuliza watu wanataka nini, yeye alisimama mbele ya wanaume akasema, "Twataka mashine yetu hapa. Si ahadi. Mashine." Ilipoletwa, aliipokea kwa chetezo cha udi. Nikamwomba moshi uishie mlangoni. Akakubali kwa shingo upande.

Tulipatana mengi mimi na yeye. Kwetu mtu akitoka chumbani huzima kila swichi ukutani, ndiyo malezi yetu, na ukizima swichi ya ukutani umemwua hata bawabu. Nikamweleza. Akaibandika ile swichi utepe, na atakayethubutu kuisogelea hutazamwa jicho ambalo mimi singependa kutazamwa. Kwa muda mrefu sikupanda mashua. Manahodha wakalalamika kwamba nimewanyima stihizai yao, hawana wa kumcheka.

Kisha ikaja masika, na baada ya masika balaa likaanza. Kila siku ya kazi, jua likishatenguka, bawabu wa Faza anaanza kulalamika: joto linapanda. Feni zinakimbia mbio zake zote. Joto linazidi kupanda. Halafu seva inajizima yenyewe isije ikaungua, na watu waliopanga foleni wanaambiwa waende zao.

Nikafikiri, swichi ya ukutani. Lakini ingekuwa swichi, bawabu asingejibu, naye alikuwa akijibu vizuri tu. Nikafunga safari.

"Bwana Kidole amerudi!" Gati zima lilishangilia.

Bi Mwanakheri alinipokea mlangoni, buibui lake safi, chumba kimefagiliwa, birika la kahawa ya tangawizi tayari. "Mgeni ndoo, mwenyeji apone," akasema. Nikaishika seva: baridi. Nikakaa nayo mpaka alasiri, nikinywa kahawa na kula mahamri. Haikupata joto hata kidogo. Mwenyeji alikuwa amepona kweli. Nikarudi Lamu nikiwa nimeshiba, sina nilichokitengeneza.

Kesho yake adhuhuri, joto.

Nikaenda tena. Kahawa, mahamri, baridi. Nikarudi. Joto. Nikamwambia Kilonzo kwamba bawabu yule ni mwongo, kipima joto chake kimeharibika.

"Bawabu akudanganye ili apate nini?" akanijibu. "Hana mshahara, hana cheo."

Lakini uvumilivu ulikuwa umemwishia hata yeye. Watu wa Pate walikuwa wameanza tena kuvuka kuja Lamu, wakiwa na hasira, na simu kutoka kwa wakubwa zilikuwa zinamlilia yeye. Akakata shauri. "Jumamosi mashua inaenda Faza kuchukua hiyo mashine. Tutaiweka hapa Lamu, tuione kwa macho. Imekataa kukaa kule."

Nilijua maana yake. Kitu kikishatoka kisiwani hakirudi. Kitapewa meza, kitapewa kazi, kitasahaulika kilikotoka. Nikampigia Bi Mwanakheri kumwarifu, maana sikutaka aione mashua tu imekuja. Aliuliza itafika saa ngapi. Kisha akasema, "Kwani mimi nimeitunza vibaya?" Nikamwambia hapana, hakuna aitunzaye kuliko yeye. Nilikuwa nasema kweli, na huo ndio ulikuwa msiba wenyewe, ingawa sikujua bado.

Alhamisi, joto likaanza kupanda kama kawaida yake. Mimi na Kilonzo tuko mbele ya kompyuta Lamu, tunatazama namba zinavyopanda. Hapo Kilonzo akapata wazo. Ndani ya kile chumba cha Faza kulikuwa na mashine mbili: seva mpya, na nyingine kuukuu iliyokwisha kufa, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. "Una hakika tunaongea na ile tunayodhani?" akauliza. "Labda waya zimepishana, tunasoma joto la kitu kingine. Washa ile taa."

Vijana, bawabu ana taa. Ni taa ndogo ya buluu mbele ya seva, na kazi yake ni hiyo tu: wewe uliye mbali unaiwasha, ili aliye chumbani ajue ni mashine ipi unayoizungumzia. Watu wengi hawaitumii maisha yao yote. Nikaiwasha, nikapiga simu.

"Bi Mwanakheri, u wapi?"

"Ni mlangoni kwa seva, nafunga. Nenda zangu nyumbani kuswali."

"Nisamehe, rudi ndani kidogo. Mbele ya seva mpya, waona taa ya buluu ikipepesa?"

Nikasikia ufunguo, kisha ndara zake sakafuni.

"Sioni taa mimi."

Kilonzo akapiga meza. "Si nilisema! Tunasoma mashine ingine!"

"Hebu itazame na ile kuukuu," nikamwambia Bi.

"Hiyo imekufa zamani, itapata wapi taa? Bwana Fundi, sioni kitu. Ngoja basi niifunue."

Mimi na Kilonzo tukatazamana.

"Uifunue nini, Bi?"

"Nguo yake."

Simu ikajaa mchakacho wa kitambaa, halafu sauti yake ikapanda mpaka Kilonzo akaisikia bila kuisogelea simu. "Hiyo hapa! Ya buluu! Yanikonyeza, Bwana Fundi, yanikonyeza!"

"Amesema nguo?" Kilonzo akauliza polepole. "Nguo gani?"

Mimi nilikuwa nimeishaelewa, na nilikuwa nimejishika kichwa. Mimi ni mtu wa Lamu. Nyumba gani ya heshima kwetu huiacha televisheni uchi? Mama yangu aliivisha redio, akaivisha cherehani, akaivisha hata feni ya mezani wakati wa baridi. Kitu ukikipenda unakishonea nguo, unakitarizi maua, unakitia na marinda. Na mgeni akija, wakimbilia kukifunua, ili akione chenyewe kinavyong'aa. Nani amwonyeshe mgeni televisheni iliyofunikwa? Kila nilipokwenda Faza mimi nilikuwa mgeni. Nguo ilivuliwa kabla sijashuka kwenye pikipiki, na haikurudi mpaka nimeshaondoka.

Tukamwuliza, akatueleza bila kuficha, maana hakuwa na la kuficha. Tangu masika dari lilikuwa linamwaga chokaa. Alihofia seva yake. Akaishonea nguo nzito nyeupe, akaitarizi mawaridi mekundu pande zote, akaitia na bitana ya blanketi ili vumbi lisipenye. Kila adhuhuri akimaliza usafi anaivisha, anakwenda kuswali, na asubuhi yake anaivua.

"Bi, ikae hivyohivyo wazi. Usikate simu." Nikageukia namba. "Joto lashuka."

"Lashuka?"

"Lashuka tena. Na tena."

"Imenyamaa!" akasema kwa mshangao, maana feni zilikuwa zimepunguza mbio. "Ilikuwa yalia kila mtana, nikidhani ndiyo sauti yake." Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Basi ni mimi. Ni mimi niliyekuwa naiua. Na hiyo mashua yaya kuitukua kwa sababu yangu."

Kilonzo akaninyang'anya simu. "Bi Mwanakheri, huyu ni Kilonzo. Hakuna mtu anakuja kuchukua kitu. Umenisikia? Mashine ni ya Faza."

Vigelegele vilivyotoka ndani ya ile simu vilimfanya aiweke mbali na sikio. Kilonzo alikuwa anacheka, mimi nacheka na macho yamelowa, na karani wa ofisi ya jirani akaja kuuliza nani ameoa.

Lakini Bi hakuwa amemaliza. "Na vumbi je?" akauliza. "Nikiiwata wazi itaoga vumbi, na vumbi la tokaa si zuri kwa zitu hizi. Ama ni zuri?" Kilonzo akafikiri, akakubali kwamba kuiacha wazi si vizuri hata kidogo. Chokaa na chumvi zingeila ile seva taratibu, na bawabu asingetuambia mpaka maji yamezidi unga.

Mashua ya Jumamosi ilikwenda Faza kama ilivyopangwa. Ilibeba mbao, turubai, misumari, ngazi, mimi, na Bwana Kilonzo. Alivaa jaketi la kuokolea akapakata jingine, akafumba macho kutoka Lamu hadi Faza, na nahodha akamwimbia njia nzima. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema yeye ndiye aliyeiita ile mashua, basi ataipanda. Tulitandika turubai chini ya dari, juu kabisa, mfano wa chandarua kilichokunjuliwa, vumbi lianguke juu yake na hewa ipite chini. Kilonzo mwenyewe alipanda ngazi kupigilia misumari, Bi Mwanakheri akiwa chini anamwelekeza: kushoto, kulia, si hapo, wewe huoni?

Ikabaki nguo. Bi alikuwa ameikunja kifuani, mawaridi yale mazuri, hajui aipeleke wapi. Kilonzo akaichukua kwa mikono miwili, akaifunika ile mashine kuukuu iliyokufa, akayapanga marinda. "Huyu hahitaji hewa," akasema. Mpaka nastaafu, mashine mfu ya Faza ndiyo ilikuwa imevaa vizuri kuliko mashine zote za pwani, na wageni wakifika Bi aliwaonyesha hiyo kwanza.

Tangu siku ile sikuuliza tena mtambo tu. Fundi akifika mahali, kila mtu hukaa vizuri, hata mashine. Muulizeni anayeishi nayo: siku ambayo mimi sipo, hapa huwaje? Mkiuliza kwa adabu mtaambiwa, na pengine mtapewa mahamri.

Ile taa ikawa salamu yetu. Kila ofisi ilipofunguliwa baada ya Idd, niliiwasha kutoka Lamu bila kusema neno, na baada ya kitambo simu yangu ililia. "Nimeiona," Bi alisema. Hatukuwa na haja ya maneno mengi zaidi.

Siku ya kustaafu nilikabidhi maneno ya siri yote. Fundi mpya aliyekaa kwenye kiti changu akayabadilisha kabla sijafika mlangoni, na nikafurahi, maana ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nimemsimulia habari za Faza na ile salamu ya taa siku moja tukinywa chai. Muda wote nikisimulia alikuwa ameinamia simu yake, anatabasamu nayo. Nikajisemea, huyu hakusikia hata nusu.

Idd ya kwanza ya ustaafu wangu ikapita. Asubuhi ya kufungua ofisi nilikuwa uani Wiyoni, nawatupia kuku mtama, na nakiri nilikuwa mnyonge kidogo. Simu ikalia.

"Bwana Kidole, ahsante. Nimeiona."

"Umeona nini, Bi?"

"Taa. Yanikonyeza tangu nimefungua mlango."

Bakuli likaniponyoka, kuku wakatawanyika. "Bi Mwanakheri, si mimi. Mimi sina ufunguo tena."

"Basi ni nani?"

"Atakuwa fundi mpya."

"Yule kijana uliyenambia, asiyeinua uso kwenye simu yake?"

"Ndiye huyo."

Nikasikia anacheka peke yake mle chumbani.

"Basi mwambie nimemuona."